Picha za Zamani za Kaskazini mwa Uingereza: Mwongozo Kamili wa Kuzisoma, Kuzitunza na Kuzirudia

Familia nyingi za Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zina albamu ya namna hii. Mzee wa leo, wakati huo kijana, amesimama kwenye mtaa wenye unyevunyevu, koti limemfika magotini, nyuma yake kuna majengo meusi na dohani refu la kiwanda. Alikwenda kusomea uuguzi Bradford, au uhandisi Leeds au Manchester, au alikuwa baharia aliyeshuka Hull au Liverpool. Ukifungua ukurasa unaofuata unamkuta ufukweni na wenzake, wamevaa suti na viatu vya ngozi, wanacheka huku upepo unawapeperusha tai. Ni Blackpool hapo, au Scarborough, au Morecambe. Ukigeuza picha, nyuma ni patupu.

Mwongozo huu ni kwa aliyerithi albamu kama hiyo, au mwenye mzee aliye hai ambaye bado anaweza kuisimulia. Kuna jambo moja nitakalolirudia hatua kwa hatua: majibu yako kwenye kingo za picha. Uso unaujua tayari. Usiyoyajua ni mwaka, mji na mtaa, na hayo yamejificha kwenye namba ya gari lililoegeshwa nyuma, kwenye waya unaopita juu, kwenye bei iliyobandikwa dirishani mwa duka. Kwa hiyo usikate kingo za picha, si kwa mkasi wala kwa programu ya simu, hata kama kuna gari unaloona linaharibu mandhari. Huenda gari hilo ndilo pekee linalojua tarehe.

Hatua ya 1: Piga albamu ilivyo kabla ya kubandua kitu

Nawa mikono na uikaushe vizuri, tandika shuka safi mezani, chai ikae meza nyingine. Kabla ya kutoa picha hata moja, piga kwa simu kila ukurasa ulivyo. Mpangilio wenyewe ni ushahidi. Picha tatu zilizowekwa pamoja mara nyingi zimetoka kwenye filamu moja, na ukishaijua tarehe ya moja umezisogelea zote.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu yake, zilizopendwa sana miaka ya 1970, ndizo zinazosumbua kuliko zote. Gundi hukauka na picha ikang'ang'ania. Usiing'oe kwa kucha. Chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe chini ya picha na kuuvuta huku na huku taratibu mpaka iachie. Ikikataa, iache na uiskani ikiwa hapohapo. Fanya vivyo hivyo kwa picha iliyogandana na kioo cha fremu, jambo la kawaida kwenye unyevu wa pwani yetu: iskani pamoja na kioo chake.

Ukikuta bahasha ya negativu, zinuse. Harufu ya siki ina maana plastiki ya filamu imeanza kuoza. Zitenge na nyingine na uziskani kwanza, maana haziponi tena. Slaidi zenye fremu ya karatasi iliyoandikwa Kodachrome hazina haraka hiyo. Rangi zake hudumu sana, wakati picha nyingi za karatasi za miaka hiyohiyo zimeshageuka nyekundu au njano.

Hatua ya 2: Skani mbele, nyuma na kingo zote

Kwa picha za karatasi tumia skana bapa, dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi). Picha ndogo sana, za ukubwa wa kiberiti, zipandishe hadi 1200. Slaidi na negativu za milimita 35 zinahitaji skana yenye taa ya juu, na dpi 2400 kwenda juu. Hifadhi nakala mama kwa TIFF, kisha toa JPEG za kugawia ndugu. Zima kipengele cha skana kinachokata kingo chenyewe, na weka picha mbali kidogo na ukingo wa kioo ili mpaka wake mweupe uonekane wote. Ukiskani filamu nyeusi na nyeupe au Kodachrome, zima pia kile kinachoondoa vumbi kwa miale ya infraredi. Filamu hizo hukichanganya kipengele hicho, na unaweza kukuta kimefuta vitu ambavyo si vumbi.

Kama huna skana, simu inatosha. Kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, laza picha, shika simu sambamba nayo. Mng'ao ukikusumbua, mtu asimame upande wa mwanga ameshika kitambaa cheusi.

Kutuma kwa WhatsApp ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Picha ikitumwa kama picha hubanwa, namba ya gari haisomeki tena. Itume kama dokumenti. Na jihadhari na programu za akili bandia zinazodai kurudisha ubora. Zinachora upya zisichokiona: sura inakuwa ya mtu mwingine, herufi za bango zinakuwa herufi za kubuni. Ukitaka nakala ya kupamba sebuleni, itengeneze, lakini uchunguzi ufanyike kwenye nakala mama tu.

Hatua ya 3: Geuza picha

Hapa si pa kukaa sana. Nambari iliyopigwa muhuri inaweza kuwa ya mpigapicha wa ufukweni, wale waliokuwa wakiwapiga watu wakitembea kando ya bahari na kuwauzia picha baadaye. Jina la kaunti nalo lisaidie kwa tahadhari. Tarehe 1 Aprili 1974 mipaka ilibadilishwa, zikazaliwa Greater Manchester, Merseyside, West Yorkshire na Humberside. Aliyeandika "Southport, Lancashire" huenda aliandika kabla ya hapo, au ni mtu aliyekataa kubadilika, na wa aina hiyo kule ni wengi mpaka leo. "Humberside" kwenye anwani ni ushahidi mzito zaidi, kwa sababu kaunti hiyo ilidumu kuanzia 1974 hadi 1996 tu.

Hatua ya 4: Tafuta vilivyoanza na vilivyokoma

Chukua karatasi, ichore mstari katikati. Upande mmoja andika kila kitu pichani chenye tarehe ya kuanza, upande wa pili kila chenye tarehe ya kukoma. Kilichoanza kinakwambia picha haikupigwa kabla ya lini, kilichokoma kinakwambia haikupigwa baada ya lini. Mwaka unaoutafuta uko katikati yake.

Anza na magari. Kuanzia 1963 namba za gari za Uingereza zilianza kuongezwa herufi ya mwaka mwishoni: A ni 1963, B 1964, C 1965, D 1966. E ilitumika Januari hadi Julai 1967, kisha F ikaanza Agosti 1967, na tangu hapo herufi ikawa inabadilika kila Agosti. Herufi I, O, Q, U na Z zilirukwa. Kwa hiyo H inaanza Agosti 1969, K Agosti 1971, P Agosti 1975, na Y Agosti 1982. Agosti 1983 herufi ya mwaka ikahamia mwanzoni. Gari lisilo na herufi ya mwaka halikuongopei, ni la zamani zaidi, na miji mingine haikuanza utaratibu huo hadi 1965. Angalia pia rangi ya kibao: vyeusi vyenye herufi nyeupe ndivyo vya zamani. Vyeupe mbele na vya njano nyuma vikawa lazima kwa magari mapya kuanzia 1973. Herufi nyingine hutaja mahali. AT, KH na RH zilitolewa Hull, FR na FV Blackpool, UA, UB na UM Leeds. Kumbuka tu kwamba gari husafiri, na hutumika miaka kumi na zaidi.

Kisha bei. Tarehe 15 Februari 1971 Uingereza iliacha shilingi na kuhamia peni mia kwa pauni. Msomaji wa Afrika Mashariki ana faida hapa, kwa sababu wakati wa ukoloni shilingi yetu ililingana na yao, ishirini kwa pauni. Tofauti ni kwamba yetu ilikuwa na senti mia na yao peni kumi na mbili. Ukiona viatu dirishani vimeandikwa 39/11, hizo ni shilingi 39 na peni 11, na uko kabla ya siku hiyo au karibu nayo sana.

Usafiri ni hazina. Tramu za Manchester zilikoma 1949, za Liverpool 1957, za Leeds 1959, za Sheffield 1960. Manchester ilizirudisha 1992, lakini hizo za sasa huwezi kuzichanganya na za zamani. Za Blackpool zilianza 1885 na hazikuwahi kukoma. Bradford ilikuwa na mabasi ya umeme yaliyoshika nyaya juu kwa nguzo mbili, na ndio mji wa mwisho nchini kuyaacha, tarehe 26 Machi 1972. Treni ya mvuke ya abiria wa kawaida inakuweka kabla ya Agosti 1968.

Halafu inua macho. Mnara wa saruji wa Emley Moor, mita 330, unaoonekana kutoka sehemu kubwa ya West Yorkshire, ulikamilika 1971. Mlingoti wa chuma uliokuwepo kabla yake ulianguka Machi 1969 kwa uzito wa barafu. Liverpool, kanisa kuu la Kikatoliki la duara ni la 1967. Daraja refu la Humber ni la 1981. Sheffield, ile minara miwili mikubwa ya kupozea maji kando ya barabara kuu ya M1 ililipuliwa Agosti 2008. Na ukiona kibanda cha simu cha rangi ya maziwa badala ya chekundu, uko Hull, mji uliokuwa na shirika lake wenyewe la simu.

Weusi wa majengo nao usomwe. Ile si rangi ya jiwe. Ni masizi ya makaa ya mawe ya karne nzima. Sheria ya hewa safi ilipitishwa 1956, na kuanzia miaka ya 1960 na 1970 majengo mengi ya umma yakasuguliwa hadi jiwe la rangi ya asali likatokea. Kwa hiyo ukilinganisha picha yako na ya leo, usilikatae jengo kwa sababu ya rangi. Hesabu madirisha, linganisha saa na umbo la paa. Wala usiiangaze picha kwa kompyuta ukidhani imeungua. Mtaa ulikuwa mweusi kweli.

Hatua ya 5: Kwenye picha za likizo, soma jua na bahari

Pwani ya magharibi (Blackpool, Morecambe, Southport) jua huzama upande wa baharini. Pwani ya mashariki (Scarborough, Whitby, Filey) huchomoza baharini. Ukiona jua linatokea baharini na vivuli vinaelekea mjini, Blackpool ni jioni na Scarborough ni asubuhi. Sisi tuliozoea jua la utosini tukumbuke kwamba kule adhuhuri jua huwa kusini siku zote, na Desemba huinuka kama digrii 13 tu juu ya upeo. Juni nayo mwanga unabaki hadi baada ya saa 3:30 usiku, hivyo picha inayoonekana ya alasiri inaweza kuwa imepigwa baada ya chakula cha usiku.

Blackpool hujitambulisha yenyewe: mnara wa chuma wa mita 158 uliofunguliwa 1894, na magati matatu yanayoingia baharini. Njia ndefu ya bembea za reli inayopaa upande wa kusini ni ya 1994. Scarborough tafuta Grand Hotel ya 1867, jengo kubwa lenye minara minne juu ya mwamba. Kama kuna hoteli nyingine ukingoni mwa mwamba wa kusini, chunguza: hoteli ya Holbeck Hall iliporomoka na mwamba wake Juni 1993. Whitby ina magofu ya abasia na ngazi 199. Kambi ya likizo ya Butlin's ya Filey ilifunguliwa 1945 na kufungwa 1983.

Morecambe inanigusa zaidi, kwa sababu wafanyakazi wa viwanda vya sufu wa Bradford walikwenda huko kwa wingi hadi watu wakauita Bradford ya baharini. Kulikuwa na treni ya moja kwa moja. Miji ya viwanda ilikuwa na wiki yake ya mapumziko, viwanda vyote vikafungwa, mtaa mzima ukahamia ufukweni, ndiyo maana picha za wakati huo zina umati wa majirani. Utaijua Morecambe kwa milima ya Lake District ng'ambo ya ghuba, maji yanayokupwa hadi yasionekane, na hoteli nyeupe ya Midland ya 1933 iliyopinda kufuata ufuo. Gati lake la West End liliharibiwa na dhoruba 1977, na lile la Central likabomolewa 1992. Magati mawili yakiwepo pichani, tayari umefunga mlango wa juu wa tarehe yako.

Picha moja ya shangazi, kwa karibu

Shangazi yangu alisomea uuguzi Bradford. Katika picha moja amesimama kando ya barabara, mikono mfukoni, miti nyuma yake haina jani. Kwenye ukingo wa kushoto, nusu imekatika, kuna basi lenye nguzo mbili zilizoshika waya. Ukingo wa kulia kuna nyuma ya gari dogo ambalo namba yake inaishia na H. Juu ya bega lake, dirishani mwa duka, kuna kibao: 39/11.

Gari linasema si kabla ya Agosti 1969. Basi linasema si baada ya Machi 1972. Bei inavuta zaidi, hadi Februari 1971. Miti isiyo na majani inaondoa kiangazi. Zinabaki baridi mbili tu: ile ya 1969 kwenda 1970, na ile iliyofuata. Kwa kamera pekee hatuwezi kwenda mbele zaidi.

Hatua ya 6: Muulize mwenyewe, ukianzia pembeni

Usianze na "hii ni lini?" Mtu mzima akiulizwa tarehe hujiona yuko kwenye mtihani, anajibu "sikumbuki" na mlango unafungwa. Anza na kitu.

"Shikamoo Shangazi. Hili koti ulilinunua wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hilo! Hilo sikulinunua, alinipa dada mmoja wa Barbados tuliyekuwa naye wodini, alipoona natetemeka. Mwaka wa kwanza huo. Wa pili nilikuwa na la kwangu, la kijani."

Aliingia Uingereza Septemba 1970, kwa hiyo mwaka wake wa kwanza ni baridi ile ya pili, 1970 kwenda 1971. Koti limeamua, na tumepata pia dada wa Barbados ambaye hakuna picha yoyote ingemtaja.

Rekodi sauti kwa simu ukimwomba ruhusa, dakika ishirini kwa kikao zinatosha. Uliza nani alipiga picha, maana huyo naye alikuwepo. Uliza chumba kilipashwa joto na nini, chakula gani walikosa, wali waliupata wapi. Na kuwe na subira palipo na kimya. Kabla ya sheria ya 1968 iliyokataza ubaguzi katika nyumba, mwenye nyumba aliweza kumfungia mtu mweusi mlango bila kuulizwa. Kama hakuna picha ya chumba cha kwanza, usimbane. Akitaka kusema atasema siku nyingine, akijua kwamba unasikiliza.

Hatua ya 7: Andika palepale

Nyuma ya picha tumia penseli laini, usikandamize, andika karibu na ukingo. Kalamu ya wino hupenya. Jina la faili libebe unachokijua na mashaka yako pia: 1970-12_bradford_shangazi_01 ukiwa na hakika, 1969-1971_bradford_01 ukiwa huna. Weka nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Picha zenyewe zikae kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi au plastiki ya poliesta, chumbani penye hewa, mbali na ukuta wa nje, na zipekuliwe kila baada ya miezi michache. Mchwa hawabishi hodi.

Hatua ya 8: Rudi mahali penyewe, ukiwa kule au ukiwa nyumbani

Visa na nauli si vya kila mtu, na kazi kubwa inawezekana ukiwa umekaa. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni, bure, ramani za zamani za Uingereza, na unaweza kuiweka ramani ya wakati huo kando ya picha ya setilaiti ya leo. Leodis ni hazina ya picha za zamani za Leeds, Picture Sheffield ya Sheffield. Geograph ina picha za karibu kila kilomita ya mraba. Kwenye Google Street View, fungua tarehe za nyuma, kwa sababu jengo lililobomolewa miaka michache iliyopita bado unaweza kulikuta limesimama kwenye picha za 2008 au 2009.

Ukibahatika kwenda, beba nakala ya karatasi. Simu hutaiona vizuri juani, na hiyohiyo ndiyo kamera yako. Kupata sehemu aliyosimama mpigapicha, chagua vitu viwili pichani, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, kwa mfano kona ya ukuta na mnara wa saa wa City Hall ya Bradford. Kama pichani mnara umetokeza kushoto tu ya kona, tembea kushoto na kulia mpaka utokeze vilevile. Kisha chagua jozi ya pili upande mwingine wa picha, usogee mbele na nyuma mpaka nayo ikae sawa. Mistari miwili ikikutana, umefika. Shusha simu kifuani, kwa sababu kamera nyingi za zamani zilitazamwa kwa juu zikiwa usawa wa kiuno au kifua. Kuza hadi mara mbili, maana lenzi ya kawaida ya simu huona eneo pana kuliko kamera hizo. Kama unataka vivuli vifanane, nenda mwezi uleule na saa ileile.

Usishangae ukikuta maegesho ya magari mahali palipokuwa na nyumba. Mitaa mingi ya viwandani ilivunjwa miaka ya 1960 na 1970. Piga maegesho hayo, na kingo zake zote. Kisha ingia maktaba kuu ya mji, uliza sehemu ya historia ya mtaa, uwaonyeshe nakala yako. Wahudumu wa huko hutambua kona ya baa au mnara wa kanisa kwa kutupa jicho, na baadhi ya maktaba hupokea nakala za picha za familia kwa ajili ya makusanyo yao. Kabla ya kuwaachia, mpigie simu aliye pichani umwombe idhini, na umuulize anataka jina lake liandikwe vipi.